Maman Saisi na Maneno Yaliyoinama

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la tano la msingi, na mkono wangu umezoea nywele kuliko kalamu. Mistari yangu inapanda upande wa kulia kama njia za mlima za Kadutu, hapa Bukavu, hata ninapoandika kwenye daftari lenye mistari. Ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Mahali nilipokosea herufi, someni polepole, mtapata nilichotaka kusema.

Nataka kumwelezea mama mmoja niliyefanya kazi karibu naye kwa miaka saba. Jina lake analo, lakini mtaa mzima ulimwita Maman Saisi, kwa sababu ya kibao cha mlangoni pake kilichosema SAISIE, yaani kazi ya kuandika karatasi za watu kwa mashine. Chumba chake na salon ya tantine, ndivyo ninavyomwita mama mwenye salon ingawa si ndugu yangu, ninakosuka nywele, vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Nilimsikia kutwa nzima kabla ya kumjua uso.

Kati yangu na yeye kuna jambo ambalo halijui mpaka leo, ingawa nimemwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni mtoto aliyepotezwa shule na tablo yake, yaani jedwali alilochapa. Nitalifikia.

Vijana wengine wa saisi, wale wa karibu na soko, wanatumia programu ya kubonyeza picha. Maman Saisi alikuwa na programu nyingine, aliyofundishwa na frère, yaani bruda, mmoja mzee kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, kabla frère hajarudi kwao. Katika programu ile ukurasa hauonekani wakati unaandika. Unaandika maneno, na katikati ya maneno unaandika amri: hapa tablo ianze, hapa mstari uchorwe, hapa neno hili ligeuke. Kisha unabonyeza, unangoja, na ukurasa unatokea. Au hautokei. Amri zote alizijaza kwenye daftari lililovikwa gazeti, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Kila amri ina mabano, na kila bano likifunguliwa lazima lifungwe. Yeye aliyaita milango. Tablo ilipokataa kutoka, tulimsikia akigombeza mashine: "Nani ameacha mulango wazi? Nasema nani ameacha mulango wazi?" Siku moja baba mmoja aliyekuwa anangoja karatasi zake aliinuka kwa haraka, akafunga mlango wa chumba, akaomba msamaha. Maman Saisi hakumwelewesha. Alimwambia tu, "Aksanti papa, sasa itaenda," na kweli, aliporudi kwenye mashine aliona bano lililobaki wazi, akalifunga, na tablo ikatoka. Baba yule aliondoka akiamini kwamba mashine inaogopa upepo.

Kazi yake kubwa ilikuwa tablo za shule. Tablo ya darasa ina majina ya watoto kushoto, na juu ina masomo. Majina ya masomo ni marefu, lakini alama zenyewe ni tarakimu mbili tu. Ukiyaandika yakiwa yamelala, tablo inatoka nje ya karatasi. Kwa hiyo unayasimamisha. Unaandika amri ya kugeuza, unaweka tisini ndani ya mabano, na neno linasimama wima juu ya safu yake, kutoka chini kwenda juu. Hapo safu inaweza kuwa nyembamba kama kidole, na darasa zima linaingia kwenye karatasi moja. Mimi sijui kuifanya. Nimeiona mara nyingi sana kupitia ufa wa ukuta, na bado sijui.

Alikuwa na vipimo vyake. Neno likisimama halipaswi kugusa mstari wa chini, linawekewa nafasi kidogo, "lisilowe miguu," alisema. Na yote yaanze chini pamoja, marefu kwa mafupi, kama watoto kwenye mstari wa asubuhi. Tablo ikitoka aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akasoma masomo yote kwa sauti, kisha akaweka kidole juu ya kila neno na kukishusha mpaka chini. "Neno isimame juu ya kitu yake," alisema kila mara. Wateja walidhani ni maringo.

Alipenda kuja salon wakati hana kazi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kunitazama. Mimi sisemi na wateja, ninageuza tu vichwa vyao kwa vidole. "Fifi," aliniambia, "wee uko nageuza bantu, mi niko nageuza maneno. Yangu haiseme inaumia."

Tantine alicheka, nami nikacheka kidogo, chini.

Msidhani alikuwa mtu mpole. Alifukuza wateja walionuka pombe, na walionuka manukato pia. Hakutaka mtu ale chumbani mwake, kumbe yeye alikula sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga juu ya vibonyezo, na herufi mbili hazikufanya kazi mpaka azipige kwa nguvu. Alikwenda misa kila Jumapili na kurudi amekasirika, kwa sababu karatasi ya nyimbo ilipangwa vibaya. Nywele zake alitaka zisukwe kwa mistari iliyonyooka kabisa, lakini nilipomletea kioo aone kazi, aligeuza uso. "Najua sura yangu," alisema. "Inatosha mimi naivaa."

Kuna mwanaume alikuja kuandikisha barua ya kumfukuza mke wake. Maman Saisi alimwangalia, akamwambia hakuna courant, yaani umeme. Taa ilikuwa inawaka juu ya vichwa vyao. Mwanaume akasema, "Maman, taa iko inawaka." Yeye akajibu, "Ile ni ya taa. Ya barua haiko. Rudia Ijumaa." Ijumaa mwanaume hakurudi. Lakini mwingine, aliyekuja na barua ya namna ileile baada ya Pasaka, alimwandikia yote tena vizuri, na kumsahihishia Kifaransa chake. Nilipomwangalia kwa mshangao alisema, "Ule wa kwanza mukono yake ilitetemeka. Huyu hapana." Sikujua kama alikuwa na haki. Sijui hata sasa.

Kitu kimoja alikataa kwa mteja yeyote: kuinamisha maneno. Siku hizi watu wanapenda maneno ya juu ya tablo yasisimame wima, yalale kwa nusu, kama nyasi zilizopigwa na mvua. Inapendeza, na huhitaji kuinamisha kichwa ili usome. Badala ya tisini unaandika arobaini na tano. Ni tarakimu mbili tu zinabadilika.

Kiongozi wa kwaya alikuja anataka tablo ya mahudhurio ya namna hiyo.

"Hapana," Maman Saisi akasema. "Itasimama."

"Lakini maman, bengine banafanya."

"Uende kwa bengine."

"Banasema wewe njo fundi," yaani ndiwe fundi mwenyewe.

"Njo maana nakatala."

Kiongozi akaenda kwa wengine. Wateja wa namna hiyo walikuwa wengi kila mwaka, na tantine hakuelewa. Siku moja ya mvua, saa tisa, salon ilikuwa haina mteja mwingine, na mimi nilikuwa ninamsuka Maman Saisi. Tantine akamwuliza wazi: "Lakini maman, kwa nini? Tarakimu mbili tu, na unapoteza bantu."

Maman Saisi aliningoja nimalize mstari mmoja. Kisha akaeleza. Nitaandika kama alivyosema, kwa sababu nilishika kila neno.

Alisema zamani alikuwa na kiburi. Ndipo alipojifunza kuinamisha, peke yake, bila frère, na alitaka watu waone. Shule moja ya mlimani ikampa tablo ya mwisho wa mwaka ya darasa la tano. Hakuombwa kuinamisha. Aliinamisha ili ipendeze. Mwishoni, kulia kabisa, kulikuwa na safu mbili nyembamba. Ya kwanza ni abandon, maana yake mtoto ameacha shule. Ya pili, ya mwisho, ni double, maana yake mtoto anarudia darasa. Waliopita hawakuwekewa kitu. Watoto watatu waliwekewa alama ya x kwenye safu ya mwisho, kwa sababu wanarudia.

"Sasa musikilize," alisema. "Neno ikiinama, muguu yake inabakia kwa safu yake, lakini kichwa inaenda juu ya jirani. Abandon iliinama, ikafunika safu ya double. Na double yenyewe haikukuwa na jirani. Ikatoka inje ya tablo, inaningʼinia kwa hewa kama nguo ya mutu."

Likizo ilipokuwa, mkurugenzi wa shule alihamishwa. Mpya alikuja mwezi wa tisa, hamjui mtoto hata mmoja, ana tablo tu. Akaweka kidole kwenye alama, akapandisha macho juu moja kwa moja, akasoma: abandon. Akawafuta wote watatu kwenye daftari la darasa na nafasi zao akawapa watoto wapya. Wazazi wa wawili walikuja kupigana maneno, wakabishana siku nzima, wakarudishiwa watoto wao darasani.

"Yeye mwenyewe alikuja hapa kuniambia, anacheka," Maman Saisi akasema. "Anasema, maman, tablo yako ilitaka kunipiganisha na bazazi. Mi nikamuuliza, na wa tatu? Akasema, wa tatu hakukuja mutu."

"Na jina yake?" tantine akauliza.

"Nsimire. Namba kumi na tisa. Mi mwenyewe niliandika."

Mimi ndiye Nsimire. Fifi ni jina la ubatizo, na ndilo pekee nililompa tantine aliponichukua salon; alisema linafaa kwa wateja. Siku ile ya mwezi wa tisa naikumbuka. Nilikwenda shuleni na koko, mama yake mama yangu, aliyenilea. Nilivaa sketi ya bluu iliyoongezwa kitambaa chini. Mkurugenzi mpya alitafuta, akasema, "Jina haiko. Huyu aliacha." Koko akasema, "Hakuacha, iko hapa." Mkurugenzi akasema tena, "Maman, jina haiko." Watu walikuwa nyuma yetu kwenye mstari. Koko hakuwahi kubishana na mtu mwenye meza. Akanishika mkono tukashuka. Njiani sikumwuliza, nilidhani nilifanya kosa nililolisahau. Mwezi uliofuata tulikwenda Idjwi, kisiwa cha ziwani, kulima kwa kaka yake. Koko alifia huko. Bulletin yangu, karatasi ya alama za shule, ilikuwa kwenye sanduku lake la mbao, na mchwa waliingia ndani yake. Niliporudi Bukavu nilikuwa mkubwa mno kukaa na watoto wa darasa la tano.

"Unanivuta," Maman Saisi akasema. Mkono wangu ulikuwa umekaza nywele zake. Nikalegeza.

"Kama ningemuona ule mutoto," akasema, "ningepiga magoti hapa kwa sima. Hii sima." Akagonga sakafu ya saruji kwa kisigino.

Mngefikiri hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilitaka. Lakini mimi ni mtu ambaye hata mteja akinikanyaga mguu ninangoja mpaka aondoe mwenyewe. Na niliwaza: mama huyu mzee akipiga magoti, nitafanya nini na mikono yangu? Nikamaliza kichwa chake. Mistari ile ilinyooka kuliko yote niliyowahi kusuka.

Nilijaribu baadaye. Niliandika kwenye kipande cha karatasi, *Nsimire ni mimi, Fifi wa hapa*, nikakiweka chini ya vibonyezo vyake alipokwenda kununua karatasi za kuchapia. Nilimsikia anarudi, anakohoa kwenye ngazi. Nikaingia mbio nikakitoa. Mara nyingine nilisema, "Maman, ule mutoto..." Akasema, "Ule wa nani?" Nikasema, "Ule anauzisha mayai." Akaniangalia sana.

Wakati huohuo alikuwa ananitafuta. Alikuwa amesikia kwa watu wa ile shule kwamba koko na mimi tulikwenda Idjwi. Kila mara alipopata mtu wa boti, alimpa ujumbe: ulizia msichana anaitwa Nsimire, alilelewa na koko yake, mwambie kuna mama wa Bukavu anaomba msamaha kwa ajili ya tablo. Nilisikia ujumbe huo kupitia mbao, mara nyingi mpaka nikaujua kwa kichwa. Ulikuwa unavuka ziwa kunitafuta, na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake nimeshika kitana.

Kisha mtu mmoja wa boti akarudi na jibu. Sikumwona, nilisikia sauti tu. Alisema amemwona Nsimire. Ameolewa, ana watoto wawili, ana shamba la mananasi na anauza vizuri. Anasema hana kinyongo. Anasema mama alale salama.

Maman Saisi alikuja salon moja kwa moja, bila kufunga chumba chake, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alikaa kwenye ndoo akalia, kisha akacheka, akatuambia habari ya mananasi mara mbili. Tantine akapiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma kuosha taulo ambazo zilikuwa safi.

Idjwi kuna akina Nsimire wengi. Labda yule wa boti alikutana na mmoja kweli, na huyo akajibu kwa heshima bila kujua anajibu nini. Labda hakumwuliza mtu yeyote, alichoka tu kuulizwa. Sina njia ya kujua. Lakini tangu siku ile Maman Saisi alianza kulala, alisema hivyo mwenyewe, na uso wake ukanenepa. Nami nikaona kwamba nimechelewa. Msamaha wangu ulikuwa umeshatolewa na mtu mwingine.

Bado hakuinamisha maneno. Tantine alimtania: "Si bamekusamehe?" Akajibu, "Mutu amesamehe. Tablo hapana."

Macho ndiyo yaliyomtoa kazini. Yalifunikwa na weupe, polepole. Alianza kuongeza ukubwa wa herufi, kisha akaanza kunusa karatasi karibu na pua, kisha siku moja alikosa bano na hakuliona mpaka jioni, akabaki anauliza kwa sauti ndogo, "Nani ameacha mulango wazi," na hakuna baba wa kuinuka kuufunga. Niliingia nikasimama nyuma yake. Nilitazama kioo cha mashine, mistari mingi ya amri, mabano kila mahali. Sikuweza kumsaidia. Mimi naweza kuona nywele moja iliyotoka mahali pake, lakini pale sikuona kitu.

Dada yake akamchukua kwake, kijiji cha Nyantende. Mashine iliuzwa, kibao kikang'olewa. Daftari la amri aliondoka nalo, ingawa haoni kilichomo.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsuka. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti kifupi, anachambua maharage kwa vidole. Aliponisikia kwenye kijia alisema, "Fifi, umekuja na ile viatu inalia." Nikakaa nyuma yake, nikafungua nywele. Zimekuwa chache. Tuliongea habari za tantine, za bei ya vitu, za jirani yake ambaye jogoo wake hajui saa.

Nilikuwa nimeamua njiani. Hapo nyuma yake, nikiwa siuoni uso wake, nilisema.

"Maman, Nsimire wa ile tablo ni mimi. Namba kumi na tisa. Koko wangu alinipeleka Idjwi, kisha nikarudi."

Vidole vyake vilisimama ndani ya maharage. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akashika kifundo cha mkono wangu, akakipigapiga.

"Mutoto wangu," akasema. "Uko na roho muzuri. Unaona mi niko nazeeka, unataka nisikie ile neno kwa masikio yangu mbele ya kufa. Aksanti. Lakini usibebe ile. Nsimire alishanisamehe, iko na mananasi yake."

"Maman, ni kweli."

"Najua," akasema, kama mtu anavyomwambia mtoto anayesema ameona simba. "Suka, mwanangu, jua inaenda."

Ningebisha na nini? Bulletin ililiwa na mchwa. Kadi yangu imeandikwa Fifi tu. Tantine mwenyewe nilimficha miaka yote. Na kama ningepata cha kumwonyesha, hana macho ya kukiona, na ningekuwa nimemnyangʼanya mtu wa Idjwi anayemlaza usiku. Nikasuka. Alipotaka kujua kama mistari imenyooka, alipitisha kidole kutoka paji la uso mpaka kisogoni, mstari mmoja mmoja, akasema kila mmoja uko mahali pake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Sasa ninawaomba ninyi mnaosoma. Kama ulikuwa mwalimu kwenye shule ile ya mlimani, au ulikuwa mmoja wa wale wawili ambao wazazi wao walibishana, au baba yako aliweka karatasi za zamani, tazama humo. Ni tablo ya darasa la tano, maneno ya juu yote yamelala kwa nusu, na neno la mwisho limetoka nje linaningʼinia. Sitampelekea Maman Saisi. Nataka niione mimi, niweke kidole kwenye ile alama ya namba kumi na tisa, nipande nacho juu mpaka kwenye neno.

Mniandikie hata kama hamna kitu. Barua iletwe salon, kwenye ukuta wa mbao, mlango unaofuata ule wenye matundu manne ya misumari ya kibao. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.